Mlango wa Wikipedia na foleni ya kurasa mpya: nani alikuwa anamtetea mgeni?

Mwaka 2011 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliomba kitu kidogo. Mtu aliyejisajili leo asiruhusiwe kuanzisha makala mpya leo hii hii. Asubiri akaunti yake ifikishe siku 4, na awe ameshahariri walau mara 10. Makala zilizopo angeendelea kuzihariri kama kawaida, na kama ana haraka na makala yake, aiandike kama rasimu ipitiwe kwanza na mwenye uzoefu. Wahariri wapatao 500 walishiriki mjadala, na takribani theluthi mbili wakaafiki. Kilichobaki kilikuwa fundi wa kubadilisha mpangilio kwenye mitambo.

Fundi hakubadilisha. Wakfu wa Wikimedia, taasisi ya Marekani inayoendesha mitambo hiyo, ulikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba sharti hilo lingewafukuza wapya, tena wakati ambao wapya walikuwa wanahitajika kuliko siku zote. Ikapita miaka sita ya manung'uniko. Mwaka 2017 ndipo pande mbili zilipokubaliana kufanya jambo ambalo lingeweza kufanyika tangu mwanzo: kujaribu kwa muda maalumu, kisha kupima.

Kila anayesimamia jukwaa la mtandaoni amewahi kukutana na mvutano huu. Wapya wasipoingia, jukwaa linazeeka na kufa polepole. Wakiingia kwa wingi, wakongwe wanachoka kurudia maelezo yaleyale, wananyamaza, kisha wanaondoka bila kuaga. Mara nyingi tunabishana kwa hisia: huyu anasema tuwe wakarimu, yule anasema tulinde kazi yetu. Kisa cha Wikipedia kina faida moja, kwamba mwishoni kulikuwa na hesabu mezani.

Hofu ya Wakfu haikuwa ya kubuni

Machi 2011, miezi michache kabla ya ombi lile, Wakfu ulikuwa umetoa matokeo ya utafiti wake kuhusu mwenendo wa wahariri. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza kabla ya 2005, karibu asilimia 40 ya wahariri wapya walikuwa bado wanahariri mwaka mmoja baada ya hariri yao ya kwanza. Baada ya 2007 waliobaki walikuwa asilimia 12 hadi 15 tu. Wahariri hai, kwa maana ya wale wanaohariri walau mara 5 kwa mwezi, walifika kilele cha takribani 51,000 mwaka 2007, kisha idadi ikaanza kushuka. Kufikia 2013 walikuwa kama 31,000.

Ukiwa mkuu wa taasisi na una takwimu hizo mkononi, halafu wahariri wako wakuombe uongeze kikwazo mlangoni, utasita. Mimi ningesita.

Lakini kushuka huko kulikuwa na chanzo. Mwaka 2005 John Seigenthaler, mwandishi wa habari mstaafu wa Marekani, alikuta wasifu wake kwenye Wikipedia una uongo unaomhusisha na mauaji ya akina Kennedy. Uongo huo ulikuwa umekaa zaidi ya miezi minne bila mtu kuushtukia. Desemba mwaka huohuo wasio na akaunti wakazuiwa kuanzisha kurasa kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Umaarufu ulikuwa umeleta waharibifu, wenye kujitangaza na wanaonakili vitabu vya watu, na wakongwe wakajibu kwa zana. Zikaja programu kama Twinkle na Huggle, zinazomwezesha mtu mmoja kukagua na kutengua mabadiliko mengi kwa kubonyeza tu. Ikaja roboti ClueBot NG, inayofuta uharibifu ndani ya sekunde. Kanuni nazo zikawa nyingi, na kuzibadilisha kukawa kugumu kuliko kuzifuata.

Zana zilifanya kazi, tena kupita kiasi. Aaron Halfaker na wenzake watatu walichapisha utafiti mwaka 2013 ambao kwangu ndio ufunguo wa kisa chote. Wapya wa miaka hiyo hawakuwa wabaya kuliko wa zamani, maana sehemu ya walioingia kwa nia njema haikuwa imepungua kwa kiasi cha kueleza anguko lile. Kilichobadilika ni mapokezi. Kazi zao za kwanza zilitenguliwa mara nyingi zaidi, mara nyingi na programu au na mtu anayetumia programu, na waliotenguliwa hawakurudi.

Dakika kumi za kwanza, kutoka pande mbili

Tuchukue mtu wa kufikirika. Ni mwalimu, na anaandika makala kuhusu mchezaji wa zamani wa kabumbu wa mji wake. Aya tatu, bila chanzo hata kimoja, kwa sababu habari hizo anazijua mwenyewe, alimwona akicheza. Anachapisha. Baada ya dakika chache kengele juu ya ukurasa inawaka nyekundu. Kwenye ukurasa wake wa majadiliano kuna ujumbe mrefu kwamba makala imependekezwa kufutwa haraka kwa kigezo A7, yaani haionyeshi kwa nini mhusika ana umuhimu. Ujumbe una viungo kadhaa vya kanuni, na chini yake jina la mtu asiyemjua. Anabofya kiungo cha kwanza, anakuta ukurasa mrefu wa masharti. Akirudi kwenye makala yake, haipo.

Sasa upande wa pili. Mhakiki wa kurasa mpya ni mtu wa kujitolea. Ametoka kazini, amefungua kompyuta, na mbele yake kuna orodha. Kila ukurasa unataka apekue kama maneno yamenakiliwa mahali, atafute vyanzo kwenye mtandao, aangalie kama makala hiyo haipo tayari kwa jina jingine, aiweke kwenye jamii (kundi la mada) inayofaa, aweke tahadhari panapostahili, amjulishe mwandishi. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inakula muda kwa ukurasa mmoja, na orodha haisimami kumsubiri. Wakati huo kurasa ambazo hazijapitiwa zilikuwa zinafichwa zisionekane kwenye injini za utafutaji, lakini kwa siku 90 tu. Zikipita siku hizo, tangazo la kampuni hewa nalo linaonekana Google likiwa na heshima yote ya Wikipedia. Kwa hiyo anaharakisha. Anapofika kwenye makala ya yule mwalimu, ameshapitia matangazo kadhaa ya wauza dawa na wanamuziki wanaojiandikia sifa. Mkono umeshazoea kitufe cha kufuta.

Hakuna mkatili hapo. Kuna mtu mmoja aliyeonewa na mwingine aliyechoka, na mfumo umewakutanisha katika dakika mbaya kuliko zote.

Katikati ya 2017 foleni ya kurasa zisizopitiwa ilikuwa imevuka 20,000. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na wachache, kama ilivyo karibu kila mahali penye kazi ya kujitolea. Na makala zilizoanzishwa na akaunti changa ndizo zilizoongoza kwa kufutwa. Wakongwe walikuwa wakilisema hilo tangu 2011: mnawaruhusu watu waingie kwa mlango ambao wengi wao wanajigonga kichwa, halafu mnatuita sisi wakali kwa kuwa tumesimama pale.

Miaka sita ya kutosikilizana

Kwa nini jaribio halikufanyika mapema? Nadhani jibu halikuwa kwenye takwimu bali kwenye kuaminiana, na miaka ya katikati ilizidisha ufa. Julai 2013 Wakfu ulileta kihariri kipya, VisualEditor, ili mgeni aandike bila kujifunza alama za ajabu za Wikipedia. Wazo lilikuwa zuri sana. Ila kililetwa kikiwa na kasoro nyingi, kikawekwa kuwa cha kawaida kwa wote, na wakongwe ndio waliokesha kusafisha kurasa kilizoharibu. Kufikia Septemba wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walikuwa wamepiga kura ya kukikataa kama chaguo la kwanza, na mmoja wa wakabidhi wao, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya usimamizi, akakizima kwa msimbo wake mwenyewe. Agosti 2014 hali ikawa mbaya zaidi upande wa Wikipedia ya Kijerumani. Katika ugomvi juu ya namna ya kuonyesha picha, Wakfu ulitengeneza ulinzi wa ngazi mpya uliowazuia hata wakabidhi waliochaguliwa na jumuia kubadilisha ukurasa wa mpangilio. Ulinzi huo uliondolewa Novemba 2015, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika.

Hapa ndipo wasimamizi wengi wa majukwaa hukosea kuhusu wakongwe. Hudhani mkongwe anakasirika kwa sababu mambo yamebadilika. Mkongwe wa Wikipedia alikuwa ameona mabadiliko mengi na kuyazoea. Kilichomuudhi ni kuambiwa kwamba ujuzi wake wa miaka kumi kuhusu kinachoharibika na kwa nini si ujuzi, ni ukaidi wa mtu asiyetaka wageni. Ukimwambia mtu hivyo mara tatu, ataacha kukueleza anachokiona. Atabaki na akaunti yake, lakini moyo utakuwa umeondoka.

Jaribio

Tarehe 14 Septemba 2017 swichi iliwashwa. Kwa miezi sita, hadi 14 Machi 2018, mwenye akaunti changa aliyetaka kuanzisha makala alipelekwa kwenye ukurasa wa maelezo uliompa njia ya kuandika rasimu. Mtafiti wa upande wa Wakfu aliandika mapema mambo aliyotarajia kuyaona na kuyaweka hadharani, ili matokeo yakitoka mtu asije akachagua yanayompendeza. Alitazama idadi ya wanaojisajili, wanaohariri, wanaobaki, foleni ya wahakiki na ubora wa makala.

Matokeo yaliuma pande zote mbili, ingawa wengi hukumbuka upande mmoja tu. Hofu kubwa ya Wakfu haikutimia. Watu waliendelea kujisajili na kuhariri kama kawaida, na hakukuwa na dalili ya maana kwamba wapya walikimbia zaidi kwa sababu ya sharti lile. Kurasa zinazostahili kufutwa zilipungua kwenye orodha ya wahakiki, na foleni ikashuka. Jaribio lilipokwisha, mlango ulifunguliwa tena kwa wiki chache wakati jumuia inajadili, na Aprili 2018 sharti likapitishwa kuwa la kudumu kwa kauli karibu moja.

Kwa hiyo wakongwe walishinda? Kwenye kura, ndiyo. Lakini tazama kilichotokea kwenye rasimu.

Mzigo ulihama. Waliozuiwa kuchapisha moja kwa moja walijaza foleni ya rasimu, inayopitiwa na kundi jingine la watu wa kujitolea, baadhi yao walewale. Rasimu ikaweza kukaa wiki kadhaa, nyakati nyingine miezi, kabla haijatazamwa. Hatari hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 2014 Jodi Schneider, Bluma Gelley na Aaron Halfaker walikuwa wameonyesha kwamba kupitia makala kabla ya kuchapishwa kunapunguza uzalishaji wa wapya. Rasimu iliyojificha pembeni haina mpita njia wa kuisahihisha. Yule mwalimu wetu sasa hafutiwi makala yake baada ya dakika kumi. Anasubiri, anasahau nywila, na mwezi wa pili anapata ujumbe kwamba rasimu imekataliwa kwa kukosa vyanzo. Ni ustaarabu zaidi, nakubali. Kwa upande wa kubaki au kuondoka, matokeo yake yanakaribiana, na nadhani ndiyo maana takwimu za wanaobaki hazikutikisika kwenda juu wala chini.

Hapo ndipo lilipo fundisho ninalolichukua mimi, na halimo kwenye ripoti ya jaribio. Pande zote mbili zilibishana kuhusu mlango, lakini mlango haukuwa ukiamua nani anabaki. Wakfu ulidhani ukiuacha wazi umekaribisha. Wakongwe walidhani ukipunguza msongamano, muda utakaopatikana utageuka kuwa ukarimu wenyewe. Muda wa mhakiki aliyepumzika unageuka kuwa mapumziko, na ana haki nayo. Kukaribisha ni kazi nyingine, inataka watu wengine na mahali pake.

Kazi ya kukaribisha ikipewa watu wake

Mahali hapo palikuwapo tangu Februari 2012. Panaitwa Teahouse, ni ukurasa wa maswali ndani ya Wikipedia ya Kiingereza. Mgeni anauliza lolote, hata swali lililokwisha kuulizwa maelfu ya mara, na wenyeji wanaojibu wameomba wenyewe kuwa pale. Kuna mwiko usioandikwa kwa ukali lakini unaofuatwa: usimjibu mtu kwa kumrushia viungo vya kanuni pekee. Roboti ndogo ilitumwa kuwaalika wapya walioonyesha dalili njema, waliohariri mara kadhaa katika siku yao ya kwanza. Kwa kuwa wengine wenye dalili hizohizo waliachwa bila kualikwa, iliwezekana kulinganisha. Jonathan Morgan na Halfaker walichapisha matokeo mwaka 2018: walioalikwa walibaki kwa kiwango cha juu kuliko wasioalikwa. Badiliko halikuwa la kupindua dunia, lakini lilipatikana kwa mwaliko mmoja tu.

Ninachokipenda kwenye mpango huo ni kwamba haukumtaka kila mkongwe atabasamu. Wapo wanaojua hakimiliki kama viganja vya mikono yao na hawana subira ya swali la kwanza la mgeni. Waacheni kwenye hakimiliki. Wapo wengine ambao hawajawahi kuandika makala ndefu, lakini wanaweza kumweleza mtu kitu kilekile kila siku bila kuchoka. Majukwaa mengi huchukua mwanachama mchapakazi kuliko wote na kumfanya mlinzi, mwalimu na mpokeaji kwa pamoja, kisha hushangaa anapotoweka.

Wakongwe nao wanahitaji kuonwa, na hili hugharimu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichagua kwa bahati nasibu baadhi ya wahariri kutoka asilimia 1 ya wachapakazi zaidi wa Wikipedia ya Kiingereza, wakawapa nyota ya pongezi, ile picha ndogo ambayo mhariri yeyote anaweza kumbandikia mwenzake. Wengine wa kiwango hichohicho hawakupewa kitu. Katika utafiti wao wa mwaka 2012, waliopewa nyota walizalisha zaidi kwa asilimia 60 kuliko wenzao. Picha haina thamani yoyote ya fedha. Ilimwambia tu mtu kwamba kazi yake imeonekana na mtu mwingine.

Na kuonwa kwa maana kubwa zaidi kulikuja baada ya jaribio lenyewe. Mwaka 2018 wahandisi wa Wakfu walikaa na wahakiki kutengeneza zana walizozitaka: rasimu zikaingizwa kwenye orodha moja na kurasa mpya, zikapangwa kwa makadirio ya ubora yanayofanywa na mashine, na zile zinazoshukiwa kunakiliwa zikawekewa alama. Miaka saba kabla, watu hao walikuwa wanaitwa kikwazo.

Upande wetu

Sharti jipya lilimgonga mtu mmoja ambaye hakuna aliyemfikiria sana: mwandaaji wa semina. Unawakusanya wanafunzi ukumbini, wanafungua akaunti asubuhi ili mchana waandike makala zao za kwanza. Kumbe mitambo ya Wikimedia hairuhusu akaunti zaidi ya 6 kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao, na ukumbi mzima unatumia ruta moja. Mwanafunzi wa saba anakwama. Wale sita waliofanikiwa, wakitaka kuandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza, wanakutana na siku 4 na hariri 10. Mwaka 2018 ikaundwa haki maalumu ya mratibu wa tukio, ambaye anaweza kuvuka kikomo hicho cha akaunti na kuwathibitisha washiriki wake kwa muda usiozidi siku 10. Ni suluhisho zuri kwa sababu linamtambua mtu anayejulikana kuwa mdhamini wa wageni wake: wakiharibu, kuna wa kuulizwa.

Sipendekezi kanuni ya siku 4 iletwe Wikipedia ya Kiswahili. Mradi wenye wakabidhi wachache kama wetu unahitaji kila mkono unaojitokeza, na mgeni wetu wa kwanza mara nyingi ni mwanafunzi wa semina au mshindani wa shindano. Tangu Google ilipoandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa Kenya na Tanzania mwishoni mwa 2009, zawadi zikiwemo kompyuta, simu na modemu, tumezoea kupata wapya kwa mafungu. Makala zinaingia kwa wingi jioni moja, nyingine zimetafsiriwa na mashine na hazisomeki, na anayezisafisha ni mkabidhi ambaye hakuulizwa kama jioni hiyo ana nafasi.

Ningemwomba mwandaaji wa semina vitu viwili tu kabla hajakodi ukumbi. Kwanza, awaandikie wakabidhi tarehe na idadi ya washiriki, na asikilize wakimwambia idadi hiyo ni kubwa mno. Pili, bajeti ya siku ya pili. Siku ya kwanza ni ya kuandika. Siku ya pili, wiki moja baadaye, washiriki walewale warudi wasome walichoambiwa kwenye kurasa zao za majadiliano na wasahihishe makala zao wenyewe, mkabidhi akiwa nao chumbani au kwenye simu. Wafadhili hupenda kuhesabu makala za siku ya kwanza kwa kuwa zinaonekana vizuri kwenye ripoti. Waulizwe kama wako tayari kulipia siku ya pili, na kama hawako tayari, idadi ya washiriki ipunguzwe hadi ile ambayo mkabidhi amesema ataimudu.